Viazi Ulaya Katika Mkahawa wa Tsurumi

Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii imeandikiwa insha nyingi mno katika shule za Kenya hata makali yake yamefifia. Mtahiniwa huipamba, hutunga kisa cha kijana aliyekwenda mjini akawasahau wazazi wake, kisha hukabidhi karatasi na kwenda zake. Mkenya mmoja aliyekuwa akisomea isimu mjini Yokohama, Japani, naye aliwahi kuiandikia insha ya namna hiyo akapata alama nzuri. Haikumjia tena akilini kwa miaka mingi, mpaka Jumamosi moja jioni, mwezi wa Februari mwaka 2023, alipokuwa ameketi mbele ya sahani ya viazi.

Hakuwa ametoka chumbani mwake kutafuta methali. Alikuwa ametoka kutafuta mahindi. Chakula cha Wajapani hakikumshinda: samaki aliwapenda, na wali aliuzoea ingawa ni wa kushikamana, si wa punje. Lakini mahindi ya huko ni laini na matamu kana kwamba yametiwa sukari, nayo huchemshwa au hutiwa ndani ya supu. Yeye alitaka mahindi ya kuyapa meno kazi. Mwenzake wa darasani, Mjapani, ndiye aliyemwambia kwamba Tsurumi wapo Waperu, na kwamba Waperu hukaanga mahindi makavu wakayatafuna kama njugu. Habari hiyo ilitosha. Alivaa koti, akapanda gari la moshi.

Tsurumi ni mtaa wa Yokohama unaopakana na mji wa Kawasaki, kando ya ghuba ya Tokyo. Mgeni anayetarajia Japani ya picha za kalenda, yenye mahekalu na maua ya micheri, atarudi mikono mitupu. Huko ni viwanda, maghala na mabomba, na sehemu kubwa ya viwanda hivyo imejengwa juu ya ardhi iliyopatikana kwa kufukia bahari. Ipo reli fupi iliyotandazwa kwa ajili ya viwanda, na baadhi ya vituo vyake vina majina ya matajiri. Kituo cha Asano, kwa mfano, kimepewa jina la Asano Soichiro, aliyeiongoza kazi ya kuifukia bahari hiyo. Majina ya waliobeba udongo hayamo katika kituo chochote. Miongoni mwa wafanyakazi waliovutwa na viwanda hivyo tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini walikuwa watu wa visiwa vya Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, ambao nao walionekana na Wajapani wa bara kuwa wageni wenye lafudhi ya ajabu. Mpaka leo upo mtaani humo uchochoro wa maduka ya Kiokinawa. Na kwa kuwa watu wengi wa Okinawa walihamia pia Amerika ya Kusini, wajukuu wao waliporejea Japani katika miaka ya tisini walifuata jamaa zao hapo hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama kwenye njia moja ya Tsurumi akasikia Kijapani, Kireno na Kihispania kabla taa ya kuvukia haijabadilika.

Mkahawa wenyewe ulikuwa na meza sita. Ukuta mmoja ulikuwa duka: chupa za pilipili ya manjano iliyosagwa, mifuko ya mahindi ya zambarau, makopo ya maziwa, na jokofu lililojaa soda ya Inca Kola, ambayo Waperu wameinywa tangu mwaka 1935 na ambayo rangi yake humfanya asiyeizoea asite kidogo kabla ya kuionja. Televisheni ilionyesha mpira bila sauti. Mama mmoja wa makamo alichungulia kutoka jikoni, akamkaribisha mgeni kwa Kijapani, kisha, mikono yake ikiwa na unga, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kuketi na kusema neno moja la Kihispania: mesa.

Mkenya yule hakuwahi kusoma Kihispania hata siku moja, lakini aliketi mezani. Wanafunzi wa Kiswahili watakumbuka kwamba neno meza tulipewa na Wareno, pamoja na leso na mvinyo (na gereza, ambalo Wareno wenyewe walimaanisha kanisa). Kireno na Kihispania ni ndugu wa damu. Kwa hiyo katika nchi ambayo alikuwa ametoka jasho mwaka mzima kujifunza maandishi yake, neno la kwanza aliloelewa bila kutafsiri lilikuwa neno la Mombasa. Alifurahi kupita kiasi, kama mtu aliyemkuta mwenzake wa kijijini katika kituo cha basi cha ugenini.

Aliyehudumu mezani alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, binti wa yule mama. Nywele zake na sura yake zilikuwa za Kijapani, na Kijapani chake hakikuwa na doa. Alipokea maagizo kwa Kijapani na kuyatangaza jikoni kwa Kijapani. Mama akayaitikia kwa Kihispania. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi usiku kucha. Kila sahani iliombwa kwa lugha moja na kutolewa kwa lugha nyingine, na hakuna hata moja iliyokosewa. Wateja waliokuwapo, wanaume watatu waliovalia sare za kazi, walimwita mama yule casera, neno ambalo huko Lima mnunuzi humwita muuzaji na muuzaji humwita mnunuzi, sawasawa na jinsi katika masoko ya Nairobi watu wawili wanavyoweza kuitana "kastama" mpaka mtu asijue nani anamuuzia nani.

Mahindi yalifika kwanza, katika kibakuli: meupe, makavu, yaliyokaangwa na kutiwa chumvi. Waperu huyaita cancha. Mgeni aliyatafuna, akafumba macho. Kisha msichana akatangaza agizo la pili, na mama akajibu kwa sauti kutoka jikoni, "¡Una papa!"

Mkenya alishtuka. Papa? Hakuwa ameagiza papa. Picha iliyomjia ni ya yule samaki mwenye meno ambaye wavuvi wa Lamu humkausha na kumtia chumvi. Kilicholetwa kilikuwa viazi vilivyochemshwa, vikakatwa vipande vya mviringo na kufunikwa kwa mchuzi mzito wa jibini na pilipili ya manjano, na juu yake nusu ya yai na zaituni nyeusi. Papa, kumbe, ni kiazi. Ni neno la Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Andes, ambalo Wahispania walilichukua pamoja na zao lenyewe. Na ile zaituni? Kwa Kihispania ni aceituna, kutoka Kiarabu, pale pale tulipolichukua letu. Sukari nayo ni azúcar. Waarabu waliotawala Uhispania na Waarabu waliofanya biashara katika pwani yetu waliacha maneno yale yale katika pande mbili za dunia. Sahani ile ilikuwa kamusi.

Ilifuata ceviche, chakula ambacho Waperu hujivunia kuliko vyote. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 2023 UNESCO iliingiza utayarishaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni vipande vya samaki mbichi vilivyokolezwa ndimu, chumvi, vitunguu na pilipili. Ndimu humgeuza samaki kuwa mweupe na kumkaza kana kwamba ameonja moto. Zamani Waperu walimlaza samaki ndani ya ndimu kwa saa nyingi. Wapishi wa asili ya Kijapani, waliokuwa wamezoea kumla samaki akiwa mbichi kabisa, ndio waliosaidia kupunguza saa hizo zikawa dakika chache, na ndio wanaohusishwa na tiradito, ambayo samaki wake hukatwa vipande vyembamba kwa mkono wa Kijapani lakini hutiwa pilipili kwa mkono wa Kiperu. Mpishi Rosita Yimura, mzao wa Wajapani, alibuni pweza katika mchuzi wa zaituni, na leo pweza huyo anahesabiwa kuwa chakula cha Lima. Hapo Tsurumi, basi, samaki wa Kijapani alikuwa amerudi Japani akiwa Mperu, na kando ya sahani yake ilisimama chupa ya mchuzi wa soya. Wajapani huuita shoyu. Mama yule aliuita sillao, kwa neno ambalo Waperu walilipata kwa Wachina.

Kando ya samaki kulikuwa na kipande cha kiazi kitamu na gunzi la mahindi yenye punje kubwa kama meno ya ng'ombe. Jikoni palipotulia mama alitoka, akifuta mikono kwa aproni, akasimama karibu na meza ya mgeni.

"Kijana, chakula kimekupendeza?"

"Kimenipendeza sana, Mama."

Kijapani cha mama kilikuwa cha kubahatisha. Cha mgeni pia. Huenda ndiyo sababu walielewana haraka. Hapakuwa na wa kumwonea haya mwenzake. Mama aliuliza kama Kenya kuna viazi. Mgeni akasema vipo tele. Mnaviitaje? Akamwambia: viazi ulaya. Msichana, aliyekuwa akipanguza meza ya jirani, akauliza maana yake. Ni viazi vya Uzunguni, akaeleza mgeni. Mama akatazama sahani, akamtazama mgeni, kisha akacheka mpaka akashika kiti.

"Viazi vya Ulaya! Na sisi je?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Viazi ni vya Andes. Watu wa huko walivilima maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajaviona, na si ajabu kwamba kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, kina makao yake Lima, ingawa kina ofisi Nairobi pia. Sisi tuliviona vikiletwa na Wazungu, tukadhani ni vyao. Wajapani walikosea kwa njia iyo hiyo. Wao huita kiazi jagaimo, yaani kiazi cha Jagatara, jina lao la kale la Jakarta, kwa kuwa merikebu za Waholanzi zilivileta kutoka huko. Kiazi kitamu wanakiita satsumaimo, kiazi cha Satsuma. Lakini watu wa Satsuma yenyewe hukiita kiazi cha China, kwa sababu kwao kilitoka Okinawa, na Okinawa kilitoka China. Mahindi ndiyo mkasa mtupu. Sisi tumeyapa jina la Wahindi. Wajapani wameyapa jina lenye China ndani yake mara mbili. Hakuna aliyeitaja Amerika. Kila watu wamelipa zao jina la bandari ya mwisho lililopitia, wakaridhika.

Mgeni alijaribu kuyaeleza hayo kwa Kijapani chake, akitumia vidole, kijiko na kipande cha kiazi. Mama aliacha kucheka, akavuta kiti akaketi.

"Hata sisi," akasema.

Aliyoyasimulia baada ya hapo aliyasimulia kwa lugha mbili, binti yake akimjazia maneno yaliyomkwama. Babu yake mzaa baba alitoka Okinawa kwenda Peru. Historia ya safari hizo inajulikana. Tarehe 28 Februari 1899 meli ya Sakura Maru iling'oa nanga katika bandari ya Yokohama, mji huu huu, ikiwa na wanaume 790 walioandikiwa mkataba wa kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya pwani ya Peru, ikafika Callao tarehe 3 Aprili. Wengi waliuawa na malaria na magonjwa mengine mashambani. Wengine walivunja mkataba wakakimbilia Lima, wakafungua vinyozi, maduka na mikahawa midogo. Watu wa Okinawa walianza kuwafuata mwaka 1906. Kadiri maduka yao yalivyostawi ndivyo chuki ilivyokua, na mwezi wa Mei mwaka 1940 makundi ya watu yalipora na kuvunja mali ya Wajapani jijini Lima. Vita vilipoingia Pasifiki, serikali ya Peru iliwakamata na kuwakabidhi kwa Marekani watu wapatao 1,800 wa asili ya Kijapani, wakafungiwa katika kambi kama ile ya Crystal City, Texas. Wengi walikuwa hawajatenda kosa lolote isipokuwa kuwa na jina la bandari waliyotoka. Vita vilipokwisha, Peru ilikataa kuwapokea wengi wao.

Mama yule hakuzungumzia kambi. Alizungumzia shule. Darasani Lima wenzake walimwita china, Mchina, kwa sababu ya macho yake. Alipowaambia kwamba babu yake hakuwa Mchina waliona kwamba ni mamoja. Mwaka 1990 Alberto Fujimori, mzaliwa wa Lima na mwana wa wahamiaji wa Kijapani, alichaguliwa kuwa rais wa Peru, na nchi nzima, waliompenda na waliomchukia, ikamwita el Chino. Fujimori huyo, kashfa zilipomzidi mwaka 2000, alikimbilia Japani, na Japani ikamhesabu kuwa raia wake. Baadaye alirudi Amerika ya Kusini, akahukumiwa na kufungwa kwa ukiukaji wa haki za binadamu, akafa Lima mwaka 2024. Rais angeweza kuwa Mjapani siku aliyohitaji kuwa Mjapani. Wafanyakazi wa viwandani mambo yao yalikuwa mengine.

Kwa maana mwaka huo huo wa 1990 Japani, iliyokuwa na uhaba wa mikono viwandani, ilianza kutumia sheria iliyowaruhusu wazao wa Wajapani walioko ng'ambo, mpaka kizazi cha tatu, kuishi na kufanya kazi yoyote nchini. Serikali ilitarajia kwamba damu ingeleta lugha. Haikuleta. Mama alikuja mwaka 1996 pamoja na mumewe, wote wawili wa kizazi cha tatu. Jina lake la ukoo ni la Okinawa. Kila alipokwenda katika ofisi za serikali karani aliliita jina hilo bila shida, akamzungumzia haraka haraka kama anavyomzungumzia Mjapani mwenzake. Kisha aligundua kwamba mama haelewi, akapandisha sauti na kupunguza mwendo, kama mtu anayezungumza na mtoto.

"Lima nilikuwa Mjapani," akasema. "Nilipotua Narita nikawa Mperu. Ndege ndiyo iliyonibadilisha."

Mume alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari, yeye akafungasha vyakula vya visanduku usiku. Msichana alizaliwa hapo Tsurumi. Halafu ukaja msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, na walioajiriwa kwa mikataba ya muda ndio waliotangulia kuachishwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2009 serikali ya Japani ilianza kutoa msaada kwa wazao hao wa Wajapani waliokosa kazi: yeni 300,000 kwa kila mfanyakazi, na 200,000 kwa kila anayemtegemea, ili wakate tikiti warudi Amerika ya Kusini. Sharti lilikuwa kwamba atakayepokea hataruhusiwa kurudi kwa hadhi ile ile ya ukaazi. Zaidi ya watu 20,000 walipokea, wengi wao Wabrazili. Ilipofika mwaka 2013 ndipo zuio hilo lilipolegezwa, kwa masharti. Wapo walioutetea mpango huo kwamba hapakuwa na aliyelazimishwa. Ni kweli hapakuwa na aliyelazimishwa. Lakini nchi iliyomwita mtu kwa jina la babu yake ilimlipa nauli ili alisahau, na hilo nalo lisemwe.

Mume alipokea. Walikubaliana atangulie, mama na mtoto wafuate. Mama akapata kazi ya jikoni katika mkahawa huo huo, mtoto akaanza shule, mwenye mkahawa akazeeka na kumwachia. Hawakufuata. Wala mume hakurudi baada ya mwaka 2013. Kwa nini hakurudi mama hakusema, na mgeni hakuuliza.

Hapo ndipo ile methali ilipomjia. Labda angeinyamazia, lakini mtu aliyesomea lugha hawezi kujizuia. Aliwaambia kwamba kwao kuna msemo, mkataa kwao ni mtumwa, na akapata taabu kubwa kuutafsiri. Kijapani hakina neno kama kwao. Alitumia furusato, neno la Wajapani la mahali mtu alikozaliwa na kukulia. Msichana alilipokea neno hilo bila furaha.

"Kaka, furusato yangu ni hapa Tsurumi," akasema. "Lakini nikisema hivyo naulizwa: ndiyo, lakini kwenu hasa ni wapi?"

Mama alitaka kuelezwa binti yake amesema nini. Msichana akajaribu kwa Kihispania, akasita, akaliruka neno, akakata tamaa. "Si kitu," akasema kwa Kijapani. Mama alielewa hilo. Bila shaka alikuwa amelisikia mara nyingi.

Mgeni aliona basi kwamba tafsiri yake ilikuwa mbovu. Kwetu, kwenu, kwao: katika maneno hayo ya Kiswahili mahali hapatajwi. Wanaotajwa ni watu. Mtu wa Kitui aliyezaliwa Mombasa husema kwetu na kila mmoja akajua kuna watu nyuma ya neno hilo, hata kama hawajui ni kilima gani. Furusato ni ardhi. Methali haikuwa imesema lolote kuhusu ardhi, na katika insha yake ya zamani, iliyopata alama nzuri, alikuwa amejaza kurasa mbili za milima na mito. Hakuwa na Kijapani cha kutosha cha kuyasema hayo. Akala kiazi.

Ilipokaribia saa mbili ya usiku msichana alianza kuitazama saa ya ukutani. Alichukua daftari dogo la maagizo, akageukia ukuta, akawa anasoma kitu kwa midomo bila sauti. Alipopita karibu na meza mgeni aliona ukurasa. Maneno yalikuwa ya Kihispania yaliyoandikwa kwa herufi za Kijapani, na chini ya baadhi yake palikuwa na mistari ya wino mwekundu.

"Ni nini hiki?"

Akaeleza kwa sauti ya chini, mama akiwa amekwisha kurudi jikoni. Baba yake hupiga simu kila Jumamosi saa mbili ya usiku, ambayo huko Lima ni saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla hajaenda kazini. Huzungumza Kihispania, naye humjibu kwa Kijapani. Zamani ilitosha. Miaka inavyopita Kijapani cha baba kinamtoka, wala chake cha Kihispania hakikui. Mwanzoni mwa Machi atahitimu shule ya sekondari, na amepata nafasi katika chuo cha wauguzi. Anataka baba aje siku ya kuhitimu. Hataki jambo hilo mama alitafsiri.

"Na mistari hii myekundu?"

"Mahali pa kuweka nguvu."

Kisha akacheka kidogo kwa haya. Neno la kwanza ndilo linalomshinda. Kwa Kijapani watoto huita baba papa, nguvu ikiwa mwanzoni. Lakini kwa Kihispania ukiweka nguvu hapo umesema kiazi. Baba ni papá, nguvu mwishoni. Tangu akiwa mdogo hukosea, na tangu hapo baba yake huitikia simu kwa mzaha ule ule: kiazi gani, cha kuchemsha au cha kukaanga? Alikuwa akiupenda mzaha huo. Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi ndipo alipong'amua kwamba hajawahi kumwita baba yake kwa jina ambalo baba mwenyewe alimwita babu.

Mgeni alilijua tatizo hilo vizuri kuliko alivyoweza kusema. Mzungumzaji wa Kiswahili huiweka shada katika silabi ya pili kutoka mwisho kama anavyopumua, na kila aliyepita katika darasa la fonolojia amefundishwa tofauti ya barabara ya kupitia magari na barabara ya sawasawa. Papa alimtoka bila taabu. Papá alikwama. Walijaribu pamoja mara tatu, nne, Mkenya na msichana, juu ya sahani iliyobaki mchuzi, na wale wanaume watatu wa meza ya pembeni wakageuka kuwatazama. Mmoja wao alielewa wanachofanya. Alilisema neno hilo mara moja, polepole, kwa sauti nzito, kisha akarudi kwenye chakula chake.

Simu ililia. Msichana aliisimamisha juu ya kaunta, akaiegemeza kwenye chupa ya sillao. Katika kioo alionekana mwanamume mwenye mvi, nyuma yake dirisha lenye mwanga wa alfajiri. Mama alitokea mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi.

"Papá," akasema msichana.

Nguvu ilikaa mwishoni. Yule baba alifungua kinywa, pengine mzaha ukiwa tayari ulimini, akakifunga. Msichana akashika daftari kwa mikono miwili na kusoma sentensi iliyobaki mpaka mwisho, neno baada ya neno, akikosea mahali pawili. Mama hakumsahihisha. Alikuwa ameishusha sufuria sakafuni.

Mgeni aliacha pesa mezani, akachukua koti. Mlangoni alimsikia baba akiuliza kitu kifupi kwa Kihispania, na msichana, asiyekuwa ameliandalia swali hilo jibu, akimgeukia mama yake.

"Anauliza ni tarehe ngapi," mama akasema kwa Kijapani.